Mawimbi ya Mama Mkwe

Katika vichochoro vya Kikuubo nimewahi kujificha nyuma ya magodoro, nyuma ya marobota ya mitumba, na mara moja, Mungu anisamehe, ndani ya tangi jipya la plastiki ambalo mwenye duka alikuwa bado hajalipangia mahali. Sikuwa mwizi wala sikufuatwa na polisi. Nilikuwa namkimbia mama mkwe wangu.

Asiyejua mila zetu ataniona nimerukwa na akili, kwa hiyo acha nieleze. Sisi ni Waluhya tuliovuka mpaka kuja Kampala kutafuta riziki, na tulipovuka tulibeba heshima zetu pamoja na mizigo. Kwetu mwanamume hampi mama mkwe mkono. Hamtazami usoni, hali naye meza moja, hasemi naye moja kwa moja, na wakikutana njiani mmoja lazima achepuke aingie vichakani. Sasa niambie, Kikuubo kuna kichaka gani? Kuna maduka ya jumla yaliyobanana, wapagazi wanaokufokea uwapishe, na njia ambayo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Humo ndimo mama mkwe wangu alimokuwa akiuza mabeseni na chupa za chai. Na mimi kila mara nilitumwa humo humo kununua betri, pamba na gundi za kazini.

Yeye aliupenda mchezo huu kuliko mimi. Akiniona kwanza, alikohoa kikohozi cha lori bovu ili nipate nafasi ya kutoweka, kisha akageukia ukuta na kujifanya anakagua sabuni. Siku moja tulikimbiana kila mtu upande wake, tukaingia duka lilelile la magodoro kwa milango miwili, tukajikuta tumepeana migongo katikati ya duka. Tulisimama hivyo mpaka mwenye duka akauliza kama tumegombana. Jioni yake mama alimsimulia binti yake, yaani mke wangu, huku akijipangusa machozi ya kicheko, na akampa ujumbe aniletee: mkwe akijificha tena, akumbuke kuficha na miguu.

Basi siku moja nikamwona anakuja. Nikajibanza kwenye nguzo. Nikangoja kikohozi. Hakukohoa. Alikuja moja kwa moja, uso mbele, akanipita karibu hata mkono wa gauni lake ukanigusa, kama vile mimi ni gunia la chumvi. Hakuwa amekasirika. Hakuniona, au aliniona na hakujali, na sijui lipi lilinitisha zaidi. Nilisahau betri nilizotumwa, nikarudi nyumbani kwetu Nsambya kwa miguu, nikamwambia mke wangu kwamba mama yake anaumwa.

Mke wangu alicheka kwanza. Ugonjwa gani huo unaotambuliwa kwa mama mkwe kutokimbia? Lakini alipoteremka Namuwongo, anakoishi mama yake, kumtazama, alirudi hacheki tena. Alimkuta mama ameketi kitandani na viatu miguuni, mchana kweupe, duka halijafunguliwa. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyemwibia. Chakula alikionja akakisogeza. Alipoulizwa ana nini, alisema anamshukuru Mungu.

Ukoo ulikaa kikao kwenye simu, na kwetu kikao cha simu kina wasemaji wengi kuliko harusi. Mjomba mmoja alisema ni uzee. Mwingine akasema ni uvivu, naye mwenyewe hajafanya kazi tangu nimjue, nikatamani kuivunja ile simu. Mchungaji alikuja, akaomba vizuri sana, mama akaitikia amina zote mahali pake, na mchungaji alipotoka akarudi kukaa vilevile. Jirani wa Namuwongo akanong'ona kwamba kuna mtu wa sokoni amemfunga nyota. Mke wangu alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha usiku akalia kwenye bega langu na kuniuliza: si wewe kazi yako ni vichwa?

Ni kweli, kazi yangu ni vichwa. Ninafanya kazi na kikundi kidogo cha watafiti wanaopima mawimbi ya ubongo. Ubongo wa mtu hutoa umeme, mdogo mno, na ukimvisha kofia ya kitambaa yenye vitufe vya chuma, ukaweka jeli kidogo chini ya kila kitufe, umeme ule unasafiri kwenye waya na kuchora mistari kwenye kompyuta. Mimi ndiye mvishaji wa kofia. Sina udaktari wowote. Nilianza kama fundi wa kompyuta, nikafundishwa kofia, na kofia ikaniteka moyo.

Naipenda kazi hii kupita kiasi, na mke wangu amechoka kunisikia. Mtu akifumba macho na kutulia, nyuma ya kichwa chake huamka mawimbi laini ya duara, yanakuja kwa mafungu, yanavimba na kunywea, yanavimba na kunywea. Akifumbua macho tu, yametoweka. Mwalimu wa chuo, mwendesha bodaboda, nyanya wa miaka themanini, wote wanayo. Nimeyaona mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila yanapotokea mimi hupiga paja langu kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

Daktari wetu, mama mmoja mpole asiyependa makeke, anatafuta humo alama za sonona, ile huzuni inayomkaa mtu ikamnyang'anya usingizi, hamu ya kula na hamu ya kesho. Amewahi kunieleza historia ya utafiti huo tukinywa chai. Zamani kidogo watafiti wa huko nje walitumaini kwamba jibu liko kwenye paji la uso: linganisha mawimbi ya upande wa kushoto na ya kulia, tofauti itakwambia nani ana sonona. Wengine wakaiona tofauti hiyo, wengine wakarudia kipimo kilekile wasiione. Siku hizi mtindo umebadilika. Wanaipa kompyuta rekodi nyingi, za wagonjwa na za wazima, wanaiacha ijifunze yenyewe kutenganisha. Wengine wanapima watu wakiwa usingizini. Wengine wanataka kujua kabla ya kutoa dawa kama itamfaa mtu huyu au yule. Na kofia zenyewe zinazidi kuwa nyepesi, vitufe vichache tu, ili siku moja zifike hata zahanati ya mtaani. Tatizo ni kwamba kompyuta hizo zimefundishwa zaidi na vichwa vya mbali. Ndiyo maana sisi tupo: tunakusanya vichwa vya hapa.

Lakini kuna jambo ambalo daktari humwambia kila anayeingia, na mimi aliniambia mpaka nikalijua kama sala. Tukiweka watu wengi pamoja, tunaona kitu. Tukimtazama mmoja peke yake, mistari hii bado haijui kusema kama anaumwa. Hilo linatoka kwenye mazungumzo, mtu akiulizwa vizuri na akijibu kweli.

Nilisikia, nikaelewa, na nikaamua kutoamini. Ndivyo mapenzi yalivyo. Nilijiambia kwamba mama akivaa kofia yangu tu, mistari itapiga kelele yenyewe, nami nitaichapisha karatasi hiyo na kuipeleka kwenye kikao cha simu, nimsomee yule mjomba. Zaidi ya hayo, yeyote aliyeonekana ana sonona katika utafiti wetu alichukuliwa na daktari, akatibiwa na kufuatiliwa. Hicho ndicho mke wangu alichokitaka. Alimbembeleza mama yake majuma kwa majuma, na mama siku moja akasema haya, twende, kwa sauti ya mtu aliyechoka kukataa.

Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo mjinga yeyote angelikumbuka mapema. Tulikuwa wavishaji wawili: mimi, na dada mmoja aliyekuwa akivisha wanawake waliopenda kuvishwa na mwanamke mwenzao. Dada huyo alikuwa amejifungua, yuko nyumbani na mtoto. Kwa hiyo mikono iliyokuwa ikingoja kichwa cha mama mkwe wangu ilikuwa hii yangu miwili.

Nilimweleza nesi wetu, Mganda wa makamo anayejua kila kitu kabla hujamaliza. Nilitegemea atanicheka. Alishika kifua.

"Ssebo, hiyo kwetu ni obuko," alisema. "Mtu anagusa mama ya bibi yake, anaanza kutetemeka mikono mpaka kufa. Mimi mwenyewe siwezi kubali. Na wewe ukitetemeka, nani atavalisha watu kofia?"

Nikamwuliza kama yeye angeweza kuvisha. Akanionyesha watu waliokuwa wamejaa barazani wakimngoja. Kumwambia mama arudi siku nyingine hakukuwezekana. Tulijua akirudi Namuwongo hatatoka tena. Basi penye nia pana njia, nasi tukapata mlango.

Chumba chetu cha kupimia kimepakana na chumba cha kompyuta, na katikati kuna mlango usiofungika kabisa kwa sababu waya zinapita hapo. Tulitundika shuka. Mama angekaa kwenye kiti upande ule, mimi kwenye kompyuta upande huu, na mke wangu angekuwa mikono yangu. Mimi ningemwambia mke wangu, mke wangu angemwambia mama. Mama naye akiwa na neno, lingerudi kwa njia hiyohiyo. Heshima si utumwa, lakini siku hiyo ilikuwa kazi ya kutwa.

Kwanza ikaja zamu ya nesi na maswali yake, binti akiwa pembeni kwa ruhusa ya mama. Mimi nilijifungia nikangoja, roho juu. Nesi alitoka amekunja uso, akamvuta mke wangu mpaka kwangu.

"Hii mama nauliza yeye yote," alisema. "Usingizi, anasema asante Mungu. Kula, asante Mungu. Huzuni, Mungu ni mwema. Nauliza kama anachoka na maisha, anasema sisi wote tuko mikononi ya Mungu. Sasa mimi nitaandika nini? Kwa majibu hii, yeye ni mzima kushinda mimi."

Mke wangu aliketi chini, kwenye sakafu. Mimi nilipandwa na hasira, na hasira yangu haikuwa kwa mama. Ilikuwa kwa sisi wote, watu wa kanisani waliolelewa vizuri, ambao hata nyumba ikiungua tutasema tunashukuru tumepata mwanga. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani alitufundisha kuficha kama si hao hao waliotufundisha methali? Nesi akasema daktari atapita baadaye, anaweza kuzungumza naye, ila kwa majibu yale atawekwa upande wa wazima na atarudi nyumbani. Tumpime tu. Nikamwambia mke wangu asimame, mistari itasema.

Tukaanza. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo niligundua kwamba kuvisha kofia kunahitaji kutaja viungo vya kichwa kimoja kimoja.

"Mama watoto," nikaita kupitia shuka, "chukua futi ya kitambaa. Anzia pale mbele, pale miwani inapokaa."

"Mama havai miwani."

"Angevaa, ingekaa wapi?"

"Sema pua, baba watoto."

Sikusema. Babu zangu walikabiliana na chui, lakini hajazaliwa katika ukoo wetu mwanamume wa kutamka pua ya mama mkwe akiwa anamsikia. Tulizunguka pua hiyo kwa muda. Kisha tukafika nyuma, ambako kila mtu ana kinundu kidogo cha mfupa pale mto unapogusa, na kipimo kinaishia hapo. Nilieleza kwa lugha ya mbali sana, mto, usingizi, mtu akilala chali. Mke wangu, ambaye ninampenda na ambaye siku nyingine ningemrudisha kwao, akageuka na kusema waziwazi:

"Mama, mkwe wako anauliza kama una kinundu."

Nikafunika uso kwa mikono.  Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama aliinamisha kichwa kidogo, ili kinundu kishikike.

Ikaja jeli. Inatiwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, tone dogo kwa kila kitufe. Lakini mke wangu ni mtoto wa kike anayemhudumia mama yake mgonjwa, na kwetu mtoto wa kike hamhudumii mama kwa matone. Alimimina kama anayepakua uji. Kwenye kompyuta nikaona mistari miwili inakwenda sawasawa kabisa, halafu mitatu, halafu upande mzima wa kichwa, kama mapacha waliovalishwa sare. Jeli ilikuwa imetiririka na kuviunganisha vitufe vyote kuwa kitufe kimoja. Siku ya kawaida ningepiga kelele. Lakini mwanamume anawezaje kumfokea mkewe mbele ya aliyemzaa?

"Mama watoto mpenzi," nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "nadhani jeli imetosha. Nadhani ilitosha tangu mwanzo. Tafadhali, kwa upendo, futa."

"Mama, umesikia? Leo naitwa mpenzi."

Nilisikia pua ya mtu ikitoa pumzi kidogo. Sikujua ni ya nani, na sikuwa na nafasi ya kuuliza, maana nilikuwa nimeng'ata kola ya shati nisicheke. Tukafuta, tukapangusa, tukarudia, na kwenye kompyuta kitufe kimoja baada ya kingine kikabadilika kutoka chekundu kuwa kijani, yaani kimeshika vizuri. Nilipoona kijani cha mwisho nilitaka kukimbia nje kuwaambia watu wa barazani.

Kisha mistari ikatulia, na mimi nikatulia. Mbele yangu palikuwa na ubongo wa mama mkwe wangu. Mila inanikataza kumtazama usoni. Haikusema neno juu ya ubongo wake, kwa kuwa wazee walioitunga hawakuota kwamba siku moja itahitajika. Nilijisikia kama niliyechungulia dirishani, na hata hivyo sikuweza kuondoa macho. Nilitazama paji la kushoto. Nilitazama la kulia. Nilikuwa natafuta huzuni, nikitegemea kwamba mapenzi yangu kwa kazi hii yatanipa macho ambayo daktari hana. Sikuiona. Niliona mwanamke anayepepesa macho, basi.

"Mwambie mama afumbe macho," nikasema. "Atulie. Asifikirie chochote."

Akafumba. Na yakaja. Wasomaji, yakaja! Nimeona mawimbi mengi katika maisha yangu lakini hayo yalikuwa mapana, laini, yamepangika, yanavimba na kunywea kwa madaha, kutoka nyuma ya kichwa cha mwanamke ambaye majuma yote hayo hatukujua kama bado yumo ndani. Nikapiga paja. Nikasahau mila, nikasahau mlango, nikasahau mimi ni nani.

"Lo, ana mawimbi mazuri huyu mama!" nikapaza sauti.

 Nilitamani lile tangi la Kikuubo. Mkwe kumsifia mama mkwe kitu cha mwilini mwake, hata kiwe cha ndani ya fuvu, ni jambo la kuitiwa wazee na mbuzi. Nikangoja shuka lipasuke. Badala yake nikamsikia mke wangu, kwa sauti iliyokuwa inatetemeka vibaya, akitimiza wajibu wake wa kupeleka ujumbe.

"Mama. Mkwe wako anasema una mawimbi mazuri."

Kisha yeye mwenyewe akashindwa. Nakijua kicheko chake, huanza kama mtu anayepaliwa. Mimi nami nikashindwa, nikalaza kichwa kwenye meza nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, nikijaribu kutotoa sauti na kutoa sauti mbaya zaidi. Nilipoinua macho, mistari ya mama ilikuwa imeharibika. Pande zote mbili za kichwa, pale juu ya masikio ambapo misuli ya taya inapanda, palikuwa peusi tititi, mistari imekuwa minene, inaruka, inatulia, inaruka tena.

Kicheko kikanikauka. Misuli ya uso ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu, hilo nililijua. Lakini misuli hiyo hiyo hutumika kulia. Mtu akilia kwa kwikwi anachora hivyo hivyo. Nilimsikia mke wangu amenyamaza ghafla, na ule unyamavu sikuupenda. Nikafikiri: nimemtukana. Mwanamke mzima, mgonjwa, kichwa wazi, jeli inamtiririka shingoni, na sisi wawili tunamcheka. Nikatazama ile mistari niipendayo, nikaitazama tena, na haikunisaidia hata kidogo. Kwa mashine yangu kilio na kicheko vilikuwa kitu kimoja. Ningeweza kunyanyua shuka nione. Mkono ulifika hata ukalishika.

Nikaliachia. Nikafanya jambo dogo zaidi, au kubwa zaidi, sijui.

"Mama," nikasema. Sikusema mwambie mama. "Mama, unalia au unacheka?"

 Kisha ikaja sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu, imekauka kidogo kwa kutotumika.

"Nacheka, mkwe."

Furaha iliyonipanda ilikuwa ya kijinga, ya kitoto. Nilisimama. Ningeweza kumkumbatia nesi, daktari, na wote waliokuwa barazani. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Nacheka, lakini naumwa," akasema. "Nimecheka kidogo tu, haijaisha. Msinirudishe nyumbani mkasema nimepona."

Nikaketi tena, polepole. Mke wangu akaita mama, mara moja, kwa sauti ndogo. Mama hakumjibu yeye. Alikuwa anasema na mlango.

"Yule nesi aliuliza maswali mazuri. Nikaona haya. Nitamwambiaje mtu ananitazama machoni, na mtoto wangu ameketi pale, kwamba kukikucha natamani kusikuche? Kwamba usiku mzima nahesabu mabati ya nyumba? Siwezi." Akavuta pumzi. Alipotua, mistari yote ilitulia, safi, kama vile hakuna lolote lililosemwa. "Wewe hunioni. Wala mimi sikuoni. Wewe naweza kukwambia."

 

"Nimesikia, mama," nikasema.

"Basi mwite daktari wako na yeye asikie. Lakini wewe usiende mahali. Nitasema na mlango, yeye asikilize kutoka hapo ulipo."

Nilimwita daktari. Aliingia upande wangu kimyakimya, nikamwachia kiti changu, nami nikakaa sakafuni, mgongo ukiegemea mlango, na mama akaanza tena tangu mwanzo.